Anguka, Angushwa, Jiangusha: Lugha ya Hukumu katika Mabishano ya Mashabiki wa Kandanda, Eastlands, Nairobi

1. UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kuchunguza lugha inayotumiwa na mashabiki wa kandanda katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, wanapobishana juu ya mambo mawili: mchezaji aliyekosa uungwana uwanjani, na kocha anayestahili kukabidhiwa timu ya taifa, Harambee Stars. Huenda mada hii ikaonekana nyepesi kwa jarida la wataalamu wa lugha. Tumezoea kuitafuta lugha ya hoja katika mashairi ya majibizano, kama yale ya zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa, au katika mabaraza ya wazee na mahakamani. Mazungumzo ya kinyozini, ya kibandani na ya nje ya uwanja wa mpira aghalabu tumeyaita porojo, tukapita.

Hata hivyo, mabishano hayo yana sifa mbili zinazotulazimisha kuyasikiliza. Kwanza, ni mabishano ya hukumu: kila msemaji anataka ikubaliwe kwamba fulani ametenda kosa, au hakulitenda. Pili, hufanywa kila juma, na watu wengi, kwa Kiswahili. Ni vigumu kupata uwanja mwingine ambapo Mkenya wa kawaida hutumia lugha hii kwa bidii kama hiyo kupima haki na dhuluma.

Tutatoa madai matatu. Dai la kwanza ni kwamba mashabiki hutumia mfumo wa vitenzi vya Kiswahili kwa usahihi mkubwa wanapomhukumu mchezaji. Dai la pili ni kwamba usahihi huo hupungua mara mazungumzo yanapofika kwa kocha na kwa wale waliomwajiri. Dai la tatu ni kwamba upungufu huo si wa lugha yenyewe bali wa matumizi yake, na kwamba una gharama.

2. MAHALI NA WASEMAJI

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki mwa kitovu cha jiji. Mingi ya ile ya zamani imepangana kandokando ya Jogoo Road: Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo, Jericho, Jerusalem, na mbele zaidi iko Buruburu, Umoja, Kariobangi, Dandora na Kayole. Mitaa kadhaa ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika wa reli na wa baraza la jiji. Humo waliishi pamoja Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu na wengineo, na lugha iliyowakutanisha watoto wao ilikuwa Kiswahili. Wataalamu kama Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde (1997) wameihusisha mitaa hii na chimbuko la Sheng. Kwa hiyo msemaji tunayemzungumzia si mtu wa Kiswahili sanifu pekee, wala si wa Sheng pekee. Hupita baina ya hizo mbili kulingana na hadhira na hamaki yake.

Mpira nao una mizizi hapa. Uwanja wa City, ambao baadaye ulipewa jina la Joe Kadenge, nyota wa timu ya taifa aliyefariki mwaka 2019, uko papo hapo Jogoo Road. Jericho kuna uwanja wa Camp Toyoyo. Ziwani, katika uwanja wa Umeme, huchezwa mashindano ya Koth Biro, jina la Kidholuo lenye maana ya "mvua inakuja", yaliyoanza katika miaka ya 1970. McDonald Mariga na Victor Wanyama, ndugu wawili waliofika katika ligi kubwa za Ulaya, walikulia Muthurwa. Jambo hili lina uzito katika uchunguzi wetu: mchezaji anayejadiliwa mara nyingi si mgeni. Yuko anayesoma naye, anayemfahamu mama yake, au aliyewahi kumkaba katika uwanja wa vumbi. Kumhukumu hadharani ni kumhukumu jirani, na jirani hahukumiwi kwa maneno ovyo.

Ndiyo maana mabishano yana taratibu zake, ijapokuwa hazikuandikwa. Aliyekuwa uwanjani hutangulia aliyesikia redioni. Swali "Ulikuwepo?" hutosha kumnyamazisha mtu. Mzee aliyemwona Kadenge akicheza huachiwa nafasi ya kusema hata kama hoja yake ni ya kale, na kijana anayempinga huanza kwa "Mzee wangu, kwa heshima yako" kabla ya kuibomoa hoja hiyo. Tofauti ya "niliona" na "nilisikia" hutunzwa kwa ukali ambao wakili angeufurahia.

3. MZIZI MMOJA, HUKUMU TATU

Tuchukue tukio ambalo huzua mabishano kuliko yote: mshambuliaji yumo chini ndani ya eneo la hatari, na refa amepuliza kipenga. Kuna kauli tatu zinazogombaniwa:

(a) Ameanguka.
(b) Ameangushwa.
(c) Amejiangusha.

Kauli zote zimetokana na shina moja. Katika (a) kitenzi hakionyeshi mtenda wala nia. Mtu yumo chini, basi. Katika (b) shina limepokea unyambuaji wa kusababisha, ambao umeigeuza k kuwa sh, kisha likapokea kiambishi cha kutendwa -w-. Maana yake ni kwamba yuko mwingine aliyesababisha. Katika (c) usababishi umebaki, lakini kiambishi ji- kimemrudishia mtenda tendo lake mwenyewe: mwangushaji na mwangushwaji ni mtu mmoja. Kwa hiyo (a) haina kosa, (b) ina kosa la beki, na (c) ina kosa la mshambuliaji. Penalti, kuendelea kwa mchezo, na kadi ya manjano kwa mdanganyifu: hukumu zote tatu zimo katika viambishi.

Yafaa kutazama linalotokea mkopo wa Kiingereza unapoingia. Kijana husema "amedaivu". Neno hili limekubaliwa mtaani, lakini linataja hukumu moja tu, ile ya (c). Halina umbo la kumtetea mchezaji. Kwa sababu hiyo, anayepinga hulazimika kurudi kwenye shina la Kiswahili: "Hajadaivu, ameangushwa." Hapo yaonekana kwamba Sheng, hata inapokopa kwa wingi, hutegemea mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili pale hoja inapokuwa nzito. Wale wanaosema kwamba vijana wa Eastlands wameipoteza sarufi wangefaa kwenda kuwasikiliza dakika chache baada ya penalti yenye utata.

Hali ni hiyo hiyo katika kosa la mkono. "Mpira umemgusa mkono" na "Ameugusa mpira kwa mkono" ni sentensi zenye mzizi mmoja na washiriki wale wale. Kilichobadilika ni kiambishi cha nafsi mwanzoni mwa kitenzi. Katika ya kwanza kiima ni mpira, na mchezaji ni mtendwa. Katika ya pili mchezaji ndiye mtenda. Sheria za mpira, ambazo zimerekebishwa mara kwa mara kuhusu kosa hili, zimekuwa zikihangaika na tofauti hiyo hiyo ambayo shabiki huitamka kwa silabi moja.

Msamiati wenyewe nao umebeba maadili. Watangazaji wa redio husema mchezaji "amefanyiwa madhambi", wakitumia neno la dini. Mkwaju unaotolewa baada ya kosa huitwa "ikabu", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni adhabu. Mshambuliaji aliyetangulia nyuma ya walinzi "ameotea", yaani amevizia kama mwindaji. Anayeucheza mpira kwa mkono "ameunawa". Maneno haya hayakutungwa na kamati ya istilahi. Yalichaguliwa na watu waliolazimika kueleza mchezo wa kigeni kwa hadhira isiyouona, nao wakayatafuta kutoka msikitini, porini na mezani pa chakula. Kila moja lilikuja na hukumu ndani yake.

4. UUNGWANA KAMA KIPIMO

Neno kuu la mabishano haya ni "uungwana". Kihistoria, katika pwani yetu, muungwana alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Uungwana ulikuwa hadhi ya kuzaliwa nayo. Methali "Muungwana ni kitendo" ilikwisha kuipinga maana hiyo kutoka ndani ya lugha yenyewe, kwa kudai kwamba hadhi hutokana na mwenendo wala si nasaba.

Kwa wasikilizaji wa Kenya, maana hii ya pili ilienezwa kwa nguvu na redio. Kuanzia mwaka 1966, na kwa zaidi ya nusu karne, Leonard Mambo Mbotela aliendesha kipindi kilichoitwa "Je, Huu ni Uungwana?", ambamo alisimulia tabia za watu wa kila siku na kumwachia msikilizaji hukumu. Mtangazaji huyo huyo alikuwa miongoni mwa sauti mashuhuri za kutangaza kandanda. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alizaliwa mwaka 1940 Freretown, Mombasa, katika jamii ya wazao wa watumwa walioachwa huru. Kwa hiyo neno lililowahi kuwatenga watu wa asili yake lilifika Eastlands kupitia kinywa chake likiwa kipimo ambacho yeyote aweza kupimwa nacho, awe mkurugenzi au manamba wa matatu.

Ulinganisho na Kiingereza unafunza. Hadi mwaka 1997, sheria za mpira katika lugha hiyo zililitaja kosa la utovu wa uungwana kwa neno linalomhusu bwana wa tabaka la juu. Sheria zilipoandikwa upya mwaka huo, neno hilo liliondolewa, na mahali pake pakawekwa linalotaja michezo tu. Kiingereza kilitoroka tabaka kwa kuliacha neno. Kiswahili hakikuliacha, kililibadilisha maana. Faida yake ni kwamba kwa shabiki wa Kiswahili, kosa la uwanjani na kosa la nyumbani bado hupimwa kwa mizani moja.

Mfano unaorudiwa mno ni ule wa tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Dakika za nyongeza zilipokuwa zikiisha, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa ukiingia langoni. Alitolewa kwa kadi nyekundu. Asamoah Gyan wa Ghana akaugonga mwamba kwa penalti. Uruguay ikashinda kwa mikwaju ya penalti. Upande mmoja wa mabishano hushikilia kwamba Suárez alitenda kosa, akaadhibiwa, akaikosa nusu fainali. Deni la sheria limelipwa. Upande wa pili hujibu kwamba sheria imelipwa, lakini Ghana haikulipwa. Methali inayotajwa ni "Asiyekubali kushindwa si mshindani". Hapa wasemaji wanatenganisha dhana tatu ambazo wanafunzi wetu wa chuo kikuu huzichanganya katika insha: sheria, haki na uungwana. Mtu aweza kutimiza ya kwanza akavunja ya tatu.

Lakini pana swali ambalo huwaumbua wengi: je, kama mikono ile ingekuwa ya Mkenya? Aghalabu jibu huja na badiliko la kitenzi: Suárez "ameiba", bali Mkenya angekuwa "ametuokoa". Kiambishi -tu- kimeingia, na hukumu imegeuka. Uungwana unaokoma penye mpaka wa nchi ni upendeleo tu, na mashabiki wenyewe hulisema hilo kwa methali ya mwamba ngoma, ambaye ngozi huivutia kwake.

Wapo waliojaribu kukigeuza kipimo hiki kuwa desturi. Chama cha vijana cha MYSA, kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, kilibuni kadi ya kijani, ambayo refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote katika mechi. Pia mchezaji wake aliyetolewa kwa kadi nyekundu alitakiwa kuchezesha mechi za watoto kabla ya kurudi uwanjani, ili aonje kazi ya refa. Katika utaratibu huo, uungwana hautajwi tu kwa kukosekana kwake. Unaonekana, unahesabiwa, na una rangi.

5. KOCHA, NA MTENDA ALIYEPOTEA

Tukifika kwa kocha, lugha inabadilika. Tuanze na jina lenyewe. Tanzania kocha huitwa mara nyingi "mwalimu", na Kenya magazeti humwita pia "mkufunzi". Majina hayo yanadokeza kazi ya muda mrefu: mwalimu hukaa na wanafunzi mpaka waelimike. Rekodi ya Harambee Stars haifanani na majina hayo. Kati ya mwaka 2013 na 2025 timu ilipita mikononi mwa makocha tisa: Adel Amrouche, Bobby Williamson, Stanley Okumbi, Paul Put, Sébastien Migné, Francis Kimanzi, Jacob Mulee, Engin Fırat na Benni McCarthy. Sita ni wageni, watatu ni Wakenya.

Mabishano ya mtaani kuhusu orodha hii huzunguka jozi ya "mgeni" na "wetu". Upande wa mgeni una methali tayari: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Humtaja Mjerumani Reinhard Fabisch, aliyeifikisha Kenya fainali ya Michezo ya Afrika, Nairobi, mwaka 1987, iliposhindwa na Misri 1-0. Upande wa mwenyeji hujibu kwa "Mcheza kwao hutunzwa", na kumtaja Mulee, aliyeipeleka timu Tunisia katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2004, ambako Kenya iliilaza Burkina Faso 3-0. Kila upande una ushahidi, na kwa sababu hiyo mabishano hayamaliziki.

Kinachotuvutia ni sarufi yake. Sikiliza vitenzi: kocha "aliletwa", "alipewa timu", "hakulipwa", "alifutwa". Vyote viko katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata kimoja kinachofuatwa na "na" ya mtenda. Beki aliyemwangusha mshambuliaji hutajwa kwa jina, jezi na mguu alioutumia. Aliyemwangusha kocha hatajwi. Pale kauli ya kutenda inapotumika, nafsi huwa "wa-" isiyo na mwenyewe: "wameleta mzungu mwingine", "wamemfuta", "wamekula pesa". Wa- hao ni nani? Katika sarufi, kiambishi hiki hutumika pale mtenda hajulikani au hana umuhimu. Hapa mtenda anajulikana na ana umuhimu mkubwa, ila amezoewa kutotajwa.

Tuchukue kisa cha Amrouche. Mwaka 2014 Shirikisho la Kandanda la Afrika lilimfungia kwa mwaka mmoja kwa kosa la kumtemea mate afisa katika mechi dhidi ya Comoros. Mwaka huo huo, baada ya Kenya kutolewa na Lesotho katika mechi za kufuzu, aliachishwa kazi. Katika sehemu ya kwanza ya kisa, mtenda na tendo vinasemwa wazi, na mjadala wa uungwana huchangamka: je, kocha anayedai nidhamu hupimwa kwa mizani ipi? Katika sehemu ya pili, lugha inafifia. Hata hivyo ni sehemu hiyo ya pili iliyoigharimu nchi zaidi, kwani FIFA baadaye iliamuru shirikisho la Kenya limlipe fidia iliyozidi shilingi milioni 100 kwa kuvunja mkataba. "Kocha alifutwa" ni sentensi ya maneno mawili. Ilikuwa na mtenda, na mtenda huyo alikuwa na ofisi, mhuri na sahihi.

Kisa cha mwaka 2022 ni kizito zaidi. Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho kwa sababu ya madai ya matumizi mabaya ya fedha. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa kuingiliwa na serikali. Mei mwaka huo Harambee Stars ikaondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023. Marufuku ikaondolewa Novemba 2022. Mchezaji aliyekuwa na miaka ishirini na minane wakati huo alipoteza mashindano ambayo hatarudishiwa, na hakuwa ameangusha mtu. Mtaani tukio lote lilifupishwa kuwa "tulifungiwa". Ni kitenzi sahihi kisarufi. Lakini kinaacha maswali mawili ambayo shabiki yule yule asingeyaacha penye penalti: na nani, na kwa kosa la nani?

Jambo jingine ni nafsi. Agosti 2025 Kenya ilishiriki mashindano ya CHAN kama mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda. Dhidi ya Angola ilibaki na wachezaji kumi ikatoka sare 1-1. Siku tatu baadaye, dhidi ya Morocco, ilibaki tena na kumi, ikashinda 1-0. Wakati huo kauli ilikuwa "tumeshinda na watu kumi", na zile kadi nyekundu zilikuwa "ushujaa". Baada ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, ni rahisi kusikia "wamekosa penalti". Ushindi hupewa tu-, kushindwa hupewa wa-. Anayesema "tumekosa" baada ya kushindwa ndiye aliyeifahamu methali ya mshindani.

6. HITIMISHO

Tumeonyesha kwamba katika kumhukumu mchezaji, wasemaji wa Eastlands hutumia unyambuaji, viambishi vya nafsi na istilahi zenye maadili kwa ustadi unaostahili kuchunguzwa. Yafuatayo yanapendekezwa.

Kwanza, walimu wa sarufi katika shule za upili wangeanza somo la mnyambuliko kwa anguka, angushwa na jiangusha kabla ya orodha kavu za "piga, pigwa, pigana". Mwanafunzi wa Kayole au Dandora tayari anajua tofauti hizo. Anachokosa ni majina yake.

Pili, istilahi za michezo zikusanywe kwa wasemaji na watangazaji kabla hazijatungwa ofisini. Watangazaji wa zamani wanaondoka, na rekodi za sauti zao ni hazina ya lugha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wataalamu wa lugha wasione haya kuhusisha sarufi na uwajibikaji. Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kenya imewahi kushiriki fainali hizo mara sita, kuanzia 1972 hadi 2019, bila kuvuka hatua ya makundi. Viwanja, fedha na mikataba vitazungumzwa sana, na vingi vitazungumzwa katika kauli ya kutendwa: vimejengwa, zimetumika, imevunjwa. Lugha yetu haikunyimwa njia ya kumtaja mtenda. Ina "na", ina nafsi, ina jina. Shabiki anayeweza kusema, kwa silabi moja, kama mshambuliaji ameangushwa au amejiangusha ana zana zote za kuuliza vivyo hivyo juu ya kandanda ya nchi yake, ambayo nayo imekuwa chini mara nyingi: imeanguka, imeangushwa, au imejiangusha? Na kama imeangushwa, na nani?